Neno "deep" la Kiingereza: lini liwe "kina", na lini lisiwe?

Swali: Mfasiri wa Morogoro

Ndugu zangu wapenzi wa lugha, nawasalimu. Naomba mnisaidie katika jambo ambalo limenikosesha raha kwa wiki mbili sasa. Ninatafsiri kutoka Kiingereza kijitabu kinachowaeleza watu wazima umuhimu wa usingizi na namna ya kuutuliza mwili wakati wa msongo wa mawazo. Kina kurasa 24 tu, lakini neno "deep" limejitokeza karibu katika kila ukurasa: linahusu usingizi, pumzi, sauti ya mtu anayeongoza mazoezi, rangi ya buluu ya kuta za chumba cha kulala, huzuni ya aliyefiwa, na hata mishipa ya damu ya miguuni.

Katika rasimu ya kwanza niliona njia salama ni kutumia neno moja kila mahali, kwa kuwa mwandishi naye alitumia moja. Nikaandika "usingizi wa kina", "pumua kwa kina", "sauti ya kina", "huzuni ya kina". Nilijipa moyo kwamba maneno hayo, hasa hilo la kupumua, tunayaona siku hizi katika maandishi mengi. Kisha nikamsomea mama yangu mkubwa ukurasa wa kwanza. Alisikiliza kwa utulivu hadi mwisho, halafu akaniuliza, "Mwanangu, huo usingizi wa kina ndio usingizi gani?" Nilipomweleza akasema, "Aa, usingizi mzito," kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichokuwa amekidondosha njiani.

Tangu siku hiyo nimeshindwa kuendelea. Najua kwamba "uchunguzi wa kina" na "mahojiano ya kina" ni Kiswahili kinachokubalika, na hakuna anayeshangaa akivisikia. Basi kwa nini utafiti uwe na kina lakini usingizi usiwe nacho? Je, kuna kanuni inayoweza kunisaidia nisiwe nabahatisha neno kwa neno, au ni suala la mazoea tu? Nitashukuru kwa mawazo ya yeyote aliyewahi kukutana na tatizo hili.

Jibu la kwanza: Mwalimu wa lugha, Tanga

Ndugu Mfasiri, mama yako mkubwa amekupa jibu kabla yetu, na mimi nitajaribu tu kueleza kwa nini alikuwa sahihi.

Tuanze na maana ya asili. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa "deop", na ndugu zake wa damu katika lugha hiyohiyo ni "dip", yaani kuchovya, na "dive", yaani kupiga mbizi. Kwa hiyo chanzo chake ni maji na shimo, umbali kutoka usoni kwenda chini. Lakini Waingereza hawakulifunga katika kwenda chini peke yake. Kabati linaweza kuwa "deep" kwa kipimo cha kutoka mlangoni hadi ubao wa nyuma, na mtu anaweza kuwa "deep" msituni bila kushuka hata hatua moja. Kiini cha neno, kwa maoni yangu, ni umbali kutoka ukingoni, usoni au mlangoni kwenda ndani, upande wowote ule.

Kutoka hapo maana za mafumbo zinaeleweka bila taabu. Chukua maziwa yetu mawili. Ziwa Victoria ni pana kuliko Tanganyika kwa mbali, lakini mahali pake penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu, ilhali Tanganyika inashuka hadi mita 1,470 na ni la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Mtu anayesimama ufukweni Mwanza na mwingine anayesimama Kigoma wote wanaona maji tu. Tofauti hiyo kubwa imefichika chini ya uso unaofanana. Ndiyo maana "deep" imekuwa pia neno la mambo yaliyofichika, yasiyofahamika kwa kutazama juujuu, na yanayohitaji mtu ashuke ili ayafikie. Fikra, siri, imani na hisia zote ziliingia humo.

Sasa nije kwenye kanuni unayoiomba. Mimi huwafundisha wanafunzi wangu waulize kinyume cha neno kabla ya kulitafsiri, kwa sababu neno lenye vinyume vingi lina maana nyingi, hata kama sura yake ni moja. Kwa Kiingereza, kinyume cha "deep" kwenye maji ni "shallow". Kwenye usingizi ni "light", yaani mwepesi. Kwenye sauti ni "high", yaani ya juu. Kwenye rangi ni "pale", yaani iliyopauka. Waingereza wenyewe, bila kukusudia, wanakiri kwamba usingizi wao una uzito. Kisha fanya hivyohivyo upande wetu. Usingizi mzito una kinyume chake, usingizi mwepesi au wa mang'amung'amu. Sauti nzito ina sauti nyembamba. Rangi iliyokolea ina rangi iliyopauka. Pumzi ndefu ina pumzi fupi. Utafiti wa kina una utafiti wa juujuu. Lakini kinyume cha "usingizi wa kina" ni nini? Ni nani aliyewahi kulala "usingizi wa juujuu"? Ukikosa kinyume ambacho mtu wa kawaida angekitamka, ujue umeunda kitu ambacho lugha haijakipa nafasi.

Jambo la pili la kuangalia ni kwamba kipimo chenyewe cha kina, katika Kiswahili, mara nyingi hubebwa na kivumishi "-refu". Tunasema mti mrefu, kamba ndefu na kisima kirefu. "-Refu" inataja umbali tu, na nomino ndiyo inayotueleza kama umbali huo unapanda, unalala au unashuka. Wapo wanaoliona hilo kuwa upungufu wa lugha yetu, nami siwezi kukubaliana nao. Kilatini, ambacho kimewalisha Wazungu kwa karne nyingi, kilikuwa na neno "altus" lililomaanisha kirefu cha kwenda juu na kirefu cha kwenda chini vilevile, wala hakuna aliyedai kwamba Warumi hawakujua tofauti ya mlima na kisima.

Kama unataka ushahidi wa kazi iliyofanywa kwa uangalifu, fungua Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, uilinganishe na ile ya Kiingereza ya Mfalme James ya mwaka 1611. Katika Yohana 4, mwanamke Msamaria anasema kisima ni "deep", na Kiswahili kinasema kisima ni kirefu. Katika Luka 5, Petro anaambiwa apeleke chombo kwenye "deep", na Kiswahili kinasema atweke mpaka kilindini. Katika Mwanzo 2, Adamu analetewa usingizi ambao ni "deep", na Kiswahili kinasema usingizi mzito. Katika 1 Wakorintho 2, Roho anachunguza mambo ya Mungu yaliyo "deep", na Kiswahili kinasema mafumbo ya Mungu. Kirefu, kilindini, mzito, mafumbo: hakuna hata mahali pamoja waliposema "kina". Wala isidhaniwe kwamba Kiingereza kiliunganisha maneno ambayo asili yake yalikuwa tofauti. Katika Kigiriki cha Agano Jipya, mahali pote patatu, kwa Yohana, Luka na Wakorintho, pana neno la shina moja. Wafasiri walilitenganisha kwa makusudi kwa kuwa walikuwa wakiwasikiliza watu watakaosoma.

Nimalizie na methali ambayo naamini inaonyesha vizuri namna tunavyowaza: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mwingereza angetaja kina hapo bila kusita. Sisi tumesema wingi.

Jibu la pili: Baharia mstaafu, Mombasa

Mwalimu amesema vyema, na sina haja ya kurudia. Nina jambo moja la kuongeza na moja la kusahihisha kidogo, kwa idhini yake.

La kusahihisha ni kwamba Mwalimu ameweka kilindi na kirefu katika orodha moja kana kwamba ni majina mawili ya kitu kimoja. Kwetu sisi tuliofanya kazi baharini, kilindi ni mahali, wala si kipimo. Kila maji yana kina, hata dimbwi la barabarani baada ya mvua. Ukiuliza kina chake utaambiwa vidole vinne. Kilindi ni pale ambapo chombo kinapita bila kugusa chini hata maji yakitoka. Bandari yetu inaitwa Kilindini kwa sababu hiyo hasa: upande ule wa kisiwa mkono wa bahari una maji marefu yanayoweza kupokea meli kubwa, ilhali majahazi yalizoea bandari ya kale upande wa pili, mbele ya Mji wa Kale. Jina lile limebeba maarifa ya watu walioipima bahari hiyo kwa mikono yao.

Nadhani hapo ndipo penye shida ya "usingizi wa kina". Kina peke yake ni jina la kipimo, kama urefu na uzito. Ukisema "chombo cha urefu" nitakuuliza urefu gani, na ukisema "usingizi wa kina" bibi mwenye masikio mazuri atakuuliza kina kipi. Ndiyo maana tunasema "kina kirefu" na "kina kifupi", wala hatujioni kwamba tunarudia neno bure. Hata kwa Kiingereza, nikisema maji haya ni "deep" kwa sentimita kumi, sijadai kwamba yana kina kirefu.

La kuongeza linahusu kipimo chenyewe, na naliona la thamani kubwa kwa mtu anayependa maneno. Nilipokuwa kijana tulipima maji kwa bildi, yaani timazi la madini ya risasi lililofungwa kwenye kamba. Chini ya risasi hupakwa mafuta mazito ili mchanga au tope linase, na nahodha ajue si umbali tu bali pia aina ya sakafu aliyonayo chini yake, maana nanga haishiki sawasawa kila mahali. Kamba ikivutwa juu, tunaihesabu kwa pima, na pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, karibu futi sita au mita 1.83. Waingereza nao wana pima yao, wanaiita "fathom", na asili ya jina hilo ni mikono iliyonyooshwa vilevile, kama mtu anayetaka kukumbatia. Kisha neno hilo likawa kitenzi cha kupima maji, na baadaye likawa kitenzi cha kufahamu jambo gumu. Jambo ambalo Mwingereza hawezi kulifahamu analiita lisilopimika kwa "fathom".

Tazameni sasa kwetu. Pima ni mikono miwili, na kupima ni kutafuta kipimo cha chochote, na tunampima mtu kwa maneno yake kabla hatujamwamini, na tunasema upendo wa mzazi haupimiki. Mataifa mawili yaliyo mbali sana yamenyoosha mikono ileile juu ya kamba ileile, na neno la kipimo hicho likawa pia neno la akili. Kila nikilifikiria jambo hili nafurahi. Mfasiri akikutana na "fathom" katika maana ya kufahamu, asilikimbie neno pima. Limo ndani ya nyumba yetu tangu zamani.

Jibu la tatu: Muuguzi, Dodoma

Naandika kwa ufupi kuhusu mambo ya hospitali, kwa kuwa kijitabu chako kitasomwa na wagonjwa.

Mgonjwa akiambiwa "pumua kwa kina" mara nyingi anabaki akikutazama. Ukimwambia "vuta pumzi ndefu, ishikilie kidogo, kisha itoe polepole", anafanya papo hapo, kwa sababu umemwelekeza tendo na mwisho wake. Kwa mishipa ya damu ya miguuni, Kiingereza kinasema "deep" kwa sababu ipo mbali na ngozi, katikati ya misuli, tofauti na ile tunayoiona kwa macho. Sisi tunasema mishipa ya ndani, na inatosha kabisa. Jeraha nalo tunasema limeingia ndani, au limechimba.

Kuhusu usingizi, wataalamu wana hatua maalumu wanayoiita kwa neno hilohilo "deep", ambapo mawimbi ya ubongo huwa ya polepole na mtu huwa mgumu kuamshwa. Hilo la ugumu wa kuamshwa ndilo ambalo Kiswahili kimelitaja kwa uzito. Tafadhali usiliondoe neno mzito ukadhani si la kitaalamu.

Jibu la nne: Mwanafunzi wa kompyuta, Nairobi

Shikamooni wazee wangu. Nimejifunza mengi hapa, hasa kuhusu pima, na ningependa kuleta mfano kutoka fani yangu kwa sababu unaonyesha hatari ambayo haijatajwa.

Katika taaluma ya akili bandia kuna mbinu inayoitwa "deep learning", nayo kwa Kiswahili imeanza kuandikwa "ujifunzaji wa kina". Tafsiri hiyo inasomeka vizuri mno, na hapo ndipo tatizo lilipo. Kwa kuwa tumezoea "utafiti wa kina" na "maelezo ya kina", msomaji anaelewa kwamba mashine imejifunza kwa uangalifu na kwa undani, kama mwanafunzi mwenye bidii. Maana halisi si hiyo. Mtandao wa mbinu hii umepangwa kwa tabaka, moja juu ya nyingine, na taarifa inapita katika kila tabaka kutoka inapoingia hadi jibu linapotoka. Neno "deep" linataja wingi wa tabaka hizo tu. Mtandao wa AlexNet, ulioleta mshtuko katika mashindano ya kutambua picha mwaka 2012, ulikuwa na tabaka 8 zinazojifunza. Miaka 3 baadaye mtandao mwingine, ResNet, ulifika tabaka 152. Ni kipimo cha umbali, kama bildi ya Mzee wetu wa Mombasa, wala si sifa ya hekima.

Kwa hiyo hapa naona Kiingereza kimerudi kwenye maana ya asili, ile ya kisima, na sisi tumetafsiri kwa maana ya fumbo, ile ya utafiti. Mimi huandika "ujifunzaji wa tabaka nyingi" ninapowaeleza wasio wa fani, ingawa najua lile la kwanza limeshaenea na huenda lisirudi nyuma. Zile picha na video za uongo zinazoitwa "deepfake" zilipata jina lao kutoka mbinu hiyohiyo, takriban mwaka 2017, na hapo hakuna haja ya kutafuta kina chochote. "Video bandia" inamfikishia msomaji onyo lote analolihitaji.

Jibu la tano: Mwalimu wa lugha, Tanga

Nimerudi kwa sababu Mzee wa Mombasa amenisahihisha kwa haki kuhusu kilindi, na nakubali. Mfano wa kijana wa Nairobi pia umenikumbusha kitu nilichokiacha.

Mahali ambapo Kiingereza kinaweka kivumishi "deep", Kiswahili mara nyingi kinapendelea kitenzi, na mfasiri anayetafuta kivumishi hatakiona hata akikesha na kamusi. Aliye "deep" katika mawazo amezama katika mawazo. Aliye "deep" katika madeni ametopea, na kutopea kunatoka kwenye tope, ambalo kila hatua linamvuta mtu chini zaidi. Au tunasema maji yamemfika shingoni. Mila iliyo "deep" imeota mizizi. Mtu mwenye elimu iliyo "deep" amebobea. Rangi, kama nilivyosema, imekolea, na hilo ni neno la chumvi na viungo kabla ya kuwa la rangi, kwa hiyo buluu iliyokolea ni buluu iliyofika pale ilipotakiwa ifike. Umaskini tunauita lindi, na lindi ni shimo refu. Hapa ndipo sisi na Waingereza tunakutana kabisa, maana mtu anatumbukia humo na kutoka ni kazi.

Kwa "kina" chenyewe, nashauri ukibakize pale ambapo kuna kitendo cha kutafuta: kuchunguza, kuhoji, kujadili, kueleza. Anayetafuta huteremka, na kwa hiyo kina chake kinaeleweka. Aliyelala hatafuti chochote.

Jibu la sita: Mfasiri wa Morogoro

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Usiku wa jana niliipitia rasimu upya. Usingizi sasa ni mzito, pumzi ni ndefu, sauti ya kiongozi wa mazoezi ni nzito na tulivu, buluu ya kuta imekolea, na mishipa ni ya ndani. Neno "kina" limebaki mahali pawili tu, nalo linahusu uchunguzi anaofanyiwa mgonjwa ambaye halali kwa majuma mengi.

Kwa huzuni ya aliyefiwa nilichelewa zaidi. Nilijaribu "huzuni kubwa", lakini ilinisomekea kama salamu za ofisini. Nikarudi kwa mama mkubwa asubuhi, naye ni mjane wa miaka mingi, nikamwomba aniambie yeye angesemaje. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Majonzi mazito." Nimeandika hivyohivyo.

Jibu la saba: Baharia mstaafu, Mombasa

Usibadilishe.